Aliyoyasikia Ernestina Ndani ya Kuba la Nyota

"Hakuna aliyepiga?"

"Hakuna, mpenzi."

"Hata aliyekata bila kusema?"

"Tina, niko hapa tangu nitoke kazini. Simu haijalia hata mara moja."

Ernestina hakuvua koti. Alipita na viatu vyake vyenye theluji mpaka kwenye meza ya simu, akabonyeza kitufe cha mashine ya kurekodi ujumbe. Ikatoka sauti ya Jeptoo, nesi Mkenya aliyekuwa akiishi naye pale Roseville:

"Tina, nimeshikia mtu shift, sirudi leo. Chapati ziko kwa fridge. Na usiwachie Theo zote, huyo hukula kama amechanga rent."

Mlio. Kisha kimya.

"Basi hawanitaki," Ernestina alisema, machozi yakimlengalenga.

Theophil alizima jiko, akaja akamkumbatia na koti lake hivyo hivyo. Akatoa leso mfukoni, akamfuta uso taratibu.

"Hasara ni yao. Una kazi, una mimi, na Juni tunaoana. Unalilia nini sasa?"

"Niwapigie niwaulize?"

"Usithubutu! Wamarekani hawapendi kubembelezwa. Wakikutaka watakutafuta."

Akaamini. Kwa nini asimwamini? Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akitoka alfajiri kwenye baridi ya kukata masikio kumpashia gari moto. Mpole, hanywi, ana kazi nzuri ya kompyuta katika kampuni ya bima, na alishanunua nyumba Champlin, karibu na mto. Wanawake wa kanisani walikuwa wakimwambia Ernestina wazi wazi kwamba ameokota dodo.

Lakini roho yake haikutulia.

Ernestina alikuwa mtu wa Bukoba. Alikuja Minnesota kusoma fizikia, akaishia kupima damu za wagonjwa katika maabara ya hospitali huko Maplewood. Kazi hiyo ilimlisha, ila moyo wake ulikuwa kwingine. Kila Jumamosi alipakia kuba la kitambaa kwenye vani kuukuu ya klabu ya wapenda nyota, akalipeleka kwenye shule, makanisa na nyumba za wazee. Likishatandikwa sakafuni, feni inalipuliza linavimba mpaka linaenea darasa zima. Watu wanavua viatu, wanaingia kwa kutambaa, taa inazimwa, na mashine ndogo ya katikati inamwaga nyota juu ya vichwa vyao. Hapo Ernestina anaanza kusimulia. Watu waliomzoea akiwa mkimya kazini wasingemjua.

Mwaka ule, 1997, watu walikuwa wamepagawa na anga. Nyota yenye mkia ilikuwa ikionekana kwa macho matupu kila jioni baada ya jua kuzama, na hata waliokuwa hawajawahi kuinua shingo walikuwa wakisimamisha magari kando ya barabara kuitazama. Shule ziligombania lile kuba. Ndipo ukatangazwa mradi mpya huko Duluth, kaskazini: anatafutwa mtu wa kuzunguka na kuba la aina hiyo mwaka mzima katika miji midogo ambako hakuna anayefika. Ernestina aliomba. Alifanyiwa usaili Februari, mbele ya watoto halisi, na mkuu wa mradi, mama mmoja aliyeitwa Lois, alimshika mkono hakuuachia.

"Nitakupigia wiki ijayo," alimwambia.

Wiki ikaja, ikapita. Machi ikaisha. Ernestina akawa mtu wa kushtuka kila simu ikilia. Alikuwa akinawa na mlango wa bafu wazi, asije akaikosa. Usiku aliamka kuangalia kama waya umechomoka.

Jumamosi moja ya Aprili alipeleka kuba kwenye ukumbi wa kanisa huko Saint Paul, kwa ajili ya watoto wa Watanzania na Wakenya. Wazazi nao hawakutaka kubaki nje. Victoria, dada mkubwa wa Theophil, alifika na viatu virefu na kitenge cha kubana.

"Wifi, mimi nitaingiaje hapo? Kwa magoti?"

"Kwa magoti, dada Vicky. Hata askofu akija ataingia kwa magoti."

"Makubwa! Theo, nishikie mkoba."

Watu wakacheka. Wakaingia wote, wakakaa duara, migongo ukutani. Ernestina akazima taa, watoto wakapiga ukelele. Aliwaonyesha kwanza anga la Minnesota, akawaonyesha ilipo ile nyota yenye mkia. Kisha akaizungusha mashine polepole.

"Sasa tunasafiri. Tumevuka Marekani, tumevuka bahari, tumefika Bukoba."

Kitoto kimoja cha kike kikauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao: "Auntie, where did the North Star go?"

"Nyota ya Kaskazini kule kwetu haionekani, mwanangu. Imezama nyuma ya ardhi. Lakini tazama upande wa pili, tumepata Msalaba wa Kusini."

Wazee waliguna kwa furaha. Ernestina aliwaacha watazame, akasogea kukaa ukutani kidogo apumzishe miguu.

Kuba lile lilikuwa na tabia moja. Mtu akinong'ona karibu na ukuta wake, mnong'ono unatambaa na ule mzingo unashukia upande wa pili, mtu wa huko anausikia kama uko sikioni mwake. Siku zote alikuwa akiwatahadharisha watu kwa utani. Siku hiyo, kwa mawazo aliyokuwa nayo, alisahau.

"Theo," sauti ya Victoria ilisema ndani ya sikio lake. "Ile kazi ya Tina iliishia wapi? Binti anakonda."

"Walipiga."

"Walipiga? Lini?"

"Zamani. Nilipokea mimi. Nikawaambia anaolewa, haitaki tena."

"Theo!"

"Shh! Angekuwa huko kaskazini wiki hadi wiki. Mimi nikae Champlin na nani, na kuta?"

"Na yeye hajui?"

"Nitamwambia baada ya harusi. Akishazoea nyumba yake atacheka tu."

"Mwambie leo leo."

"Vicky, tafadhali usiniharibie."

Ernestina aliganda. Alitazama ng'ambo ya kuba, lakini gizani hakuona ila vivuli vya vichwa. Akajiuliza kama amesikia vibaya, akajijibu papo hapo kwamba hapana, sauti ile anaijua hata usingizini.

"Auntie? Auntie Tina?" watoto waliita. "What's next?"

Akasimama. Aliwaonyesha Nge, aliwaonyesha mawingu mawili ya nyota yasiyoonekana kutoka Minnesota, akajibu maswali yote. Alipowasha taa watu walipiga makofi, na Theophil alikuwa miongoni mwa waliopiga kwa nguvu zaidi.

Ernestina alimngojea kwenye chumba cha makoti.

"Lois alipiga siku gani?"

Theophil alikuwa akivaa glavu. Akaacha.

"Lois gani?"

"Usinifanye mtoto, Theo."

"Nani kakwambia? Vicky?"

"Umeniambia wewe mwenyewe. Mlikuwa mnanong'ona ukutani, na mimi nilikuwa ukuta wa pili. Nimesikia neno kwa neno."

Theophil akaketi juu ya makoti ya watu.

"Niliogopa," alisema. "Baba alipata kazi Zambia, akasema ni ya mwaka mmoja, hakurudi. Mama alimwekea sahani yake mezani, akaifunika, kila jioni. Tumekua tunaitazama ile sahani. Lois aliposema Duluth, mimi niliona sahani, Tina. Maneno yalinitoka kabla sijafikiri."

"Ungeniambia hivyo. Ungesema, Tina naogopa. Tungekaa chini. Labda nisingekwenda."

"Basi nisamehe, tuanze upya. Ni simu moja tu!"

"Si simu." Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Simu ulipokea mara moja. Kila siku baada ya hapo nilikuuliza, ukanitazama machoni. Ukanifuta machozi, Theo! Ulijua ninalia nini, na bado ukatoa leso ukanifuta."



Victoria akaingia mbio, akafunga mlango.

"Wifi, jamani, watu wanasikia huko nje. Haya ni mambo ya kumaliza nyumbani. Kadi zimeshatoka, ndugu wameshakata tiketi. Mezea, mama."

"Dada Vicky, nilikusikia na wewe. Ulimwambia aniambie leo. Nakushukuru kwa hilo. Ila usiniombe ninyamaze."

Akatoka. Aliomba ruhusa ya kutumia simu ya ofisi ya kanisa, akampigia Lois nyumbani kwake kwa namba iliyokuwa kwenye kadi aliyompa siku ya usaili.

"Ernestina! Nilisikitika sana," Lois alisema. "Mume wako alinieleza—"

"Sina mume. Na sikuwahi kukataa kazi."



"Mungu wangu. Ile nafasi tumeshampa mtu, anaanza Mei. Nilichobaki nacho ni kazi ya kiangazi, kambi za watoto, nusu ya mshahara ule. Na baada ya kiangazi siwezi kukuahidi chochote."

"Naichukua."

"Fikiria kwanza. Una kazi ya kudumu huko."

"Lois, nimefikiria mpaka nimekonda. Naichukua."

Kesho yake kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwa Victoria, kama ilivyokuwa imepangwa. Ernestina alisimama kabla ya sala ya kufungua.

"Ndugu zangu, harusi haipo. Hakuna mwanamume mwingine, wala hakuna ukoo uliokosewa. Asanteni kwa kuhangaika."

Vurugu zikazuka. Mmoja anauliza nani kamloga, mwingine anataka waitwe wachungaji. Mama mmoja alisema wasichana waliosoma sana ndiyo matatizo yao hayo. Hapo Theophil akanyanyuka kutoka kwenye kona yake.

"Mwacheni," alisema. "Nilimdanganya. Kazi aliyoitaka kuliko kitu chochote niliikataa kwa jina lake, nikamficha. Mwacheni aende."

Ernestina aliweka pete mezani, kando ya sinia la maandazi, akatoka. Alilia njia nzima mpaka Roseville, kwa sababu alimpenda bado, na kwa sababu alichokisema pale mwishoni kilimfanya ampende zaidi.

Jeptoo ndiye aliyempeleka Duluth mwisho wa Mei.

"Kwa hivyo unawacha nyumba ya Champlin, garage ya magari mbili, uende ulale na mabaridi?"

"Ndiyo."

"Haya. Lete funguo. Wacha mimi ni-drive, wewe endelea kulia."

Kiangazi kile Ernestina alilala katika chumba juu ya duka la vyombo vya uvuvi. Alizunguka kwenye kambi za misituni, mbu wakimla, akaingiza chini ya kuba watoto waliokuwa hawajawahi kumwona mtu kutoka Afrika, wakamwuliza maswali yasiyoisha. Kuna siku alijuta. Kuna usiku alishika simu, akapiga namba ya Champlin mpaka tarakimu ya mwisho, akakata. Agosti ilipoisha, Lois alimwita.

"Barua za shule zinakutaja wewe. Nimebanabana bajeti. Utakaa?"

"Nitakaa."

Oktoba, mchana mmoja wa upepo, alikuwa akifunga feni kwenye ukumbi wa michezo wa shule fulani ndogo alipomwona Theophil mlangoni, kofia mkononi.

"Umepajuaje hapa?"

"Nilimwomba Lois. Alinitukana kwanza, halafu akanielekeza."

Ernestina alishindwa kujizuia, akacheka.

"Umekonda, Theo."

"Najipikia mwenyewe." Alisogea karibu. "Nimekuja kukupa ujumbe uliokuwa wako. Lois alipopiga, alisema watoto wa kwenye usaili walimwuliza yule dada wa nyota atarudi lini. Alisema hajawahi kuona hivyo. Akasema nikuambie kwa maneno hayo hayo. Nilipaswa kukuambia."

Ernestina alisimama na waya wa feni mkononi.

"Asante."

"Nyumba nimeiuza. Ilikuwa na kimya kingi. Tina, mimi naweza kuhamia huku. Kompyuta ziko kila mahali."

"Theo."

"Hata si lazima tuoane mara moja."

"Theo, nisikilize. Kusamehe nimekusamehe, tangu siku ile ya kamati. Kurudi ndiyo siwezi. Kila nitakapokuuliza kama kuna aliyepiga, nitakuwa natazama macho yako badala ya kusikiliza jibu. Hayo si maisha. Wewe utachoka, na mimi nitakuwa mtu mbaya."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ningebaki karibu ningekurudia; unadhani nimekuja mbali hivi kwa kupenda baridi?"

Theophil alitikisa kichwa, akatabasamu huku macho yamejaa. Alivaa kofia, akaivua tena.

"Umekula?" Ernestina alimwuliza.

"Bado."

"Wana supu ya kuku jikoni kwao. Si mbaya."

Wakala pamoja kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa meza. Waliongea habari za Victoria, za Jeptoo aliyepata mchumba, za mama yake Theophil aliyekuwa akiumwa miguu. Kisha Theophil akaagana naye kwa mkono, mkono ukakawia, akaenda zake. Ernestina alisubiri mpaka gari lake likapinda kona ya barabara kuu. Darasa lililofuata lilikuwa limeshapanga mstari, limeshavua viatu. Akawasha feni.