Rili ya Maji Baridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanzobe alichota maji kisimani. Ziwa Rukwa lilikuwa karibu kuliko kisima, lakini nani angekunywa maji yale? Yalikuwa na magadi. Ukiyaonja yanakukereketa ulimi, na yakikauka juu ya mawe yanaacha unga mweupe. Ng'ombe ndio walioyapenda. Wakifikishwa ufukweni waliulamba ule unga kwa pupa, kama watoto waliomwagiwa sukari mezani, na Nyanzobe, aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, hakuchoka kuwacheka. Kwa hiyo tusije tukasema hapo mbele kwamba hakujua. Alijua vizuri sana.

Nyumbani kwao, huku bondeni Momba, walikuwa watatu: mama yao, kaka yake Manase, na yeye. Manase alikuwa mvuvi, lakini si wa nyavu. Zamani kidogo mnyororo wa plau ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na tangu hapo hakuweza kuvuta wavu na wenzake. Alivua kwa fimbo na rili, yaani kile kigurudumu kinachokunja mshipi. Kwa kuwa mkono ule haukuwa na nguvu ya kushika, aliifunga fimbo chini ya kiwiko kwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe, akaukaza hasa.

Wenzake walimtania kwamba ameoa fimbo. Yeye alicheka tu, maana alijua usalama wake uko wapi. Uko kwenye breki ya rili. Samaki mkubwa akivuta, breki inaachia mshipi taratibu, samaki anakimbia weee mpaka anachoka, kisha anakunjwa. Breki isipoachia, samaki anavuta fimbo, na fimbo inamvuta mtu.

Rili yake ya zamani ilipokufa, mama yao mdogo, Faudhia, alikuwa anakwenda Tunduma na lori la mpunga, na Nyanzobe alikuwa likizo. Manase hakuweza kuondoka kwa sababu ng'ombe wawili walikuwa karibu kuzaa. Akamtuma mdogo wake. Alimweleza polepole kwamba asitazame kung'aa, azungushe mkono wa rili na kusikiliza, na zaidi ya yote amwambie muuzaji kwamba maji yetu ni ya magadi. Nyanzobe aliitikia kila neno.

Tunduma! Enzi hizo bidhaa za ng'ambo ya mpaka zilikuwa zimeanza kumiminika, kila kibaraza kimegeuka duka, watu wanasalimiana Kibemba na Kiswahili kwa pumzi moja. Mama mdogo alimfikisha kwenye duka la Mzee Yonathani, aliyeuza vifaa vilivyotumika, kisha akaenda kumfuata mnunuzi wa mpunga. Nyanzobe akabaki peke yake, miguu ina vumbi la lori hadi magotini.

Mzee Yonathani aliweka rili mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nyeusi, nzito, imefubaa kama sufuria kuukuu. Ya pili ilikuwa nyepesi, inang'aa, ina mkono mwekundu. Alieleza kwamba ile nyeusi imefungwa vizuri pande zote na vyuma vyake havili kutu upesi, kwa hiyo ni ya maji chumvi. Ile ya fedha ni ya maji baridi, ya mito na mabwawa. Haina kasoro, ila chumvi ikiingia ndani inaila.

"Sasa niambie, binti," akauliza, "maji ya kwenu ni baridi au yana chumvi?"

Pembeni walikuwa wamesimama wasichana wawili wa mjini waliokuja kununua mwavuli. Waliposikia swali hilo wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama huko porini kwao kuna bahari. Nyanzobe akasikia masikio yanawaka. Angeanzaje kuwaambia habari za magadi yanayolambwa na ng'ombe, tena kwa lafudhi yake ile ya Kisukuma? Wangemcheka mpaka Zambia. Na ile rili ya mkono mwekundu ilikuwa inampendeza, tuseme kweli.

"Maji baridi," akasema.

Mzee akaifunga rili ya fedha katika gazeti. Hakuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Nyumbani Manase aliigeuzageuza rili, akaisifu wepesi wake. Kisha akamtazama mdogo wake na kumuuliza kama alimwambia muuzaji habari za magadi.

"Ndiyo, kaka," akajibu Nyanzobe. "Amesema inafaa kabisa."

Neno likatoka jepesi, halikumuuma hata kidogo. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza aliona unga mweupe kwenye maungio ya rili. Aliufuta kwa kanga ya mama pasipo mtu kumwona, na kesho yake ukarudi. Kisha akasikia sauti. Manase akizungusha, rili ilikwaruza kama mtu anayesaga chenga za mahindi. Manase alidhani ni mchanga. Aliipaka samli, akaipuliza, akaendelea kwenda nayo ziwani, kwa sababu mdogo wake alishamhakikishia kwamba inafaa.

Siku moja aliuona mkanda wa ngozi ukining'inia ukutani. Alikumbuka fimbo inavyofungwa. Alikumbuka breki. Alikumbuka pia ndama wao aliyechukuliwa na mamba msimu uliopita pale pale ufukweni, jinsi maji yalivyofunika na kutulia kana kwamba hakuna kilichopita. Toka hapo ugali haukushuka. Akiwa darasani alisikia ile sauti ya kukwaruza, na mwalimu akimuuliza swali alishtuka kama ameguswa na kaa la moto.

Mara mbili alikwenda kumwambia kaka yake, na mara mbili alirudi. Mara ya kwanza Manase alikuwa anaimba huku akitengeneza chambo, Nyanzobe akaona haya kumharibia furaha. Mara ya pili alifungua kinywa kabisa, kisha akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Aliogopa kugombezwa. Aliogopa kuitwa mwongo mbele ya mama. Akajiambia kwamba atasema Jumamosi, kana kwamba mamba naye anangoja Jumamosi.

Jumamosi yenyewe alipoamka, mkanda haukuwepo ukutani. Mama alimwambia kwamba Manase amekwenda na jirani yao Sadock kwenye matete, kule wanakopatikana kambale wakubwa. Nyanzobe akawatoa ndama zizini ili apate sababu ya kwenda ziwani, akawaswaga mbio, na ndama wakashangaa kulikoni.

Alipofika, mtumbwi haukuwa mbali. Sadock alikuwa nyuma ameshika kafi, Manase ameketi mbele na fimbo mkononi. Upande wa kulia, kwenye ulimi wa mchanga, mamba alikuwa amelala akiota jua, kinywa wazi. Nyanzobe aliwarudisha ndama nyuma, akasimama ukingoni.

Ghafla ile fimbo ikapinda. Sadock akapiga kelele za furaha, maana fimbo haipindi vile kwa samaki wa kitoto. Mtumbwi ukainama. Nyanzobe akamwona kaka yake anapeleka mkono mzima kwenye breki, anaizungusha, anaizungusha tena. Breki haikuachia. Mkono uliofungwa ukanyooka, bega likafuata, na maji yakaanza kuingia mtumbwini. Sadock bado alikuwa anacheka, akimhimiza asimwachie.

Hapo, wasomaji wangu, likamjia wazo baya. Labda mshipi utakatika wenyewe. Mshipi ukikatika hakuna atakayejua. Akanyamaza kidogo tu, akautazama ule ulimi wa mchanga.

Mamba hakuwepo.

Nyanzobe hakujua sauti yake ilitoka wapi. "Kata mkanda! Kaka, kata! Haitaachia, ni ya maji baridi! Nilikudanganya!"

Sadock akaacha kucheka. Manase akageuza uso kidogo kuelekea ufukweni, na hata kutoka pale Nyanzobe aliona jinsi alivyomtazama. Kisha Sadock akatupa kafi ndani ya mtumbwi, akashika panga lililokuwa miguuni pake, akalipenyeza chini ya mkanda na kuukata. Fimbo ikaruka majini kama mshale, ikazama na rili yake inayong'aa. Mtumbwi ukayumba, ukakaa sawa. Mbele yao, pale fimbo ilipozamia, maji yakafanya mfereji mrefu, na kitu kipana kikapita chini yake bila haraka.

Sadock akaokota kafi, akapiga mpaka mtumbwi ukagusa mchanga. Manase alishuka, akaenda mbali na maji, akaketi. Mkanda ulikuwa umemwachia alama nyekundu kuzunguka mkono. Nyanzobe alipiga magoti mbele yake akalia kwa kwikwi, akamweleza yote: wasichana, kicheko, mkono mwekundu, unga mweupe alioufuta kwa kanga. Manase alisikiliza. Alikuwa anaisugua ile alama ya mkanda, na hilo lilimwogopesha Nyanzobe kuliko kofi lolote.

"Ningeambiwa tu," Manase akasema mwishowe, "ningeivulia mtoni. Huko ingenifaa miaka. Rili haikuwa na kosa."

Mama alipopata habari alikaa chini kwanza. Hakupiga wala hakufoka. Alisema tu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba safari hii kimekuja kumuumbua mtu kikakosa njia. Kisha akauliza fimbo na rili zitapatikanaje. Nyanzobe alikwisha kulifikiria hilo. Alikuwa na mbuzi wake mmoja, zawadi ya bibi yake, akamtoa auzwe.

Walikwenda Tunduma yeye na Manase. Safari hii Nyanzobe alibeba chupa ndogo ya maji ya ziwa. Alimwamkia Mzee Yonathani, akaiweka chupa mezani, akakiri kwamba mara ile hakusema kweli. Dukani walikuwamo watu wengine, na mmoja akaguna. Masikio yake yakawaka kama siku ile, lakini hakunyamaza. Mzee akadondosha tone kiganjani, akalionja, akakunja uso.

"Haya ni magadi matupu," akasema. "Mwanangu, kuuliza si ujinga, na kuulizwa si kudharauliwa. Mimi ninauliza ili mtu arudi nyumbani salama."

Akamletea ile nyeusi. Nyanzobe akauzungusha mkono wa rili na kusikiliza. Ilikuwa nzito na kimya. Mzee akawaonya kwamba hata hiyo si ya miujiza: kila ikitoka ziwani isuuzwe kwa maji ya kisima, ikaushwe kivulini, ndipo ipakwe mafuta. Manase akamgeukia mdogo wake na kusema kwamba kazi hiyo imepata mwenyewe.

Akaifanya kwa bidii majuma mengi. Kisha ikatokea jioni moja ambapo alitoka shule na wenzake, wakacheza rede mpaka kivumbi kikawafunika, akarudi nyumbani amechoka na amesahau kabisa. Rili ilikuwa juu ya kigoda, na kwenye ukingo wake unga mweupe ulikuwa umeanza kuota. Mama akamuuliza kutoka jikoni kama ameisuuza.

Lile neno jepesi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, kama lilivyofika siku ile. Akalimeza.

"Bado, mama. Nilisahau."

Mama akatoka na kata ya maji ya kisima, akampa. Manase, aliyekuwa anasuka mkanda mpya mlangoni, aliinua uso akamtazama, safari hii akitabasamu.

"Umesahau, na umesema," akasema mama. "Basi tumepona. Kosa lililosemwa lina dawa yake, mwanangu. Lililofichwa linamngoja mtu majini."

Nyanzobe akainama, akaimwagia rili maji polepole, mpaka ule weupe ukaisha.