Miguu Chini ya Blanketi

Anayetaka kuamini na aamini, asiyetaka anywe chai yake aende zake. Mimi sisimulii ya kuambiwa. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Ambrose, na mimi Hester nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya haya.

Jumamosi moja ya mwaka sabini na tatu nilikuwa naoka mkate, Ambrose akaingia jikoni na fidla yake kwapani, amenuna. Siku hizo wanaume wa kijiji chetu cha Nethercombe, huku Uingereza, walikuwa wameifufua ngoma ya moris, iliyokufa tangu vita vile vya kwanza vya dunia: wachezaji sita, njuga kwenye miundi, leso nyeupe mikononi, na mpiga fidla mmoja pembeni. Shida ni kwamba kwetu kila kijiji kina tuni yake, na yetu ilikuwa imepotea. Tulicheza ya majirani zetu wa Overcombe.

"Wale wa Overcombe wamenikomesha leo baa," akasema. "Eti tukimaliza kucheza tuwarudishie tuni yao, wasije wakaikuta imechanika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mtu pekee aliyeikumbuka ile yetu alikuwa Mzee Jabez Tuffley, aliyekaa ng'ambo ya uwanja wa kijiji, mtu wa miaka themanini, hatoki kitandani. Ambrose akaanza kumpelekea bia kila Jumamosi, na mimi keki. Mzee akishalainika, anaivumisha ile tuni kwa pua, tamu ajabu, kisha anakatiza. Kila mara pale pale, katikati. Anafumba mdomo kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Na mwisho wake je, mzee?"

"Umenitoka."

"Jaribu basi."

"Kijana, nusu ya kitu si kitu. Iache."

Blanketi lake lilikuwa linatikisika upande wa miguuni. Nilidhani ni baridi, nikamwongezea makaa motoni.

Ambrose hakuiacha. Mpiga fidla ana kiburi chake: akikosa kipande, anatunga. Alikaa jikoni kwangu wiki nzima, akaibandikia tuni ile mwisho wa kwake, mzuri tu, ungefaa hata harusini. Sikumkanya. Nilimwambia akawafunge mdomo hao wa Overcombe.

Jumatatu ya Pentekoste, saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka, kijiji kizima kilikuwa uwanjani na bilauri za bia. Mume wangu Reuben alikuwa mchezaji wa tatu. Moyo wake ulikuwa mbovu. Daktari alimruhusu ngoma moja tu, kisha akae. Nikamwekea kiti kivulini.

Ambrose akaanza. Walicheza vizuri mno, hata wale wa Overcombe wakanyamaza. Tuni ikafika pale anapokatiza Mzee Jabez, ikapita, ikaingia kwenye ule mwisho wa kutunga. Kwa desturi yetu mpigaji akifunga, wachezaji wanaruka pamoja, leso juu, kwisha. Ambrose akafunga.

Hawakuruka. Wakaanza upya.

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni madoido. Ambrose akafunga tena. Wakaanza upya. Mara ya nne akashusha upinde wa fidla kabisa. Njuga hazikunyamaza. Wote sita walikuwa wanakwenda bila muziki, hakuna anayekosea hatua, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaoomba kitu.

Nikamfuata Reuben, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

"Kaa chini."

"Siwezi," akanong'ona. "Hester, miguu hainisikii."

Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Akaniburuta. Wanaume wawili wakaja kunisaidia. Wakaburutwa nao.

Nikakimbia kwa Mzee Jabez. Sikubisha hodi. Alikuwa amelala macho, dirisha wazi, anasikia yote.

"Nipe mwisho," nikasema. "Mume wangu anakufa."

Akalia. Kisha akafunua blanketi.

Miguu yake ilikuwa inacheza. Myembamba, imekauka, nyayo zimelainika kama kipande cha sabuni. Ilipiga hatua zile zile godoroni, sawasawa na njuga za nje.

"Tangu mwaka wa kumi na mbili, kabla ya vita," akanong'ona. "Kaka yangu alikuwa ndani ya ngoma, mpigaji nilikuwa mimi. Mwisho haupigwi, Hester. Mpigaji anaweka fidla chini, anaingia katikati kwa hiari yake. Wengine wanaachiwa. Yeye haachiwi, mpaka aingie mpigaji mwingine."

Hapo ndipo nilipotiwa kitanzi. Uwanjani yuko mume wangu, na yuko mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nilikwenda kwa Jabez mbio, lakini kurudi nilitembea. Nilitamani ule uwanja usifike. Njiani nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na sikunyamaza. Nilimwambia Ambrose sikioni, neno kwa neno.

Akaniangalia kidogo. "Nishikie fidla, dada," akasema. "Nyasi zina unyevu."

Akaingia.

Wote sita wakaruka, leso juu, wakaanguka chini wanahema. Watu wakashangilia. Ng'ambo ya uwanja blanketi la Mzee Jabez lilikuwa limetulia. Walimkuta amekufa, usoni ana raha.

Reuben aliishi miaka ishirini zaidi, akafa kwa mafua. Ambrose alilala chumba cha juu nyumbani kwangu miaka thelathini na minane. Kila wiki nilimfumia soksi mpya, kila wiki zikatoboka. Asubuhi, mchana, usiku, dari yangu ikagonga. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonila.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa mjini, mpole, fidla mgongoni, anakusanya tuni za zamani. Nikamwambia sijui kitu. Nikampa chai, nikaendelea kukanda unga. Binti alitulia kweli, penseli inakimbia kwenye karatasi. Ndipo nilipojisikia. Nilikuwa naivumisha ile tuni. Miaka yote ile inagonga juu ya kichwa changu, ilikuwa imeshaniingia mwilini.

"Na hapo mwisho je, bibi?" akauliza.

Nikamfukuza. Nikamwambia aichome ile karatasi. Akasema asante kwa chai.

Pentekoste iliyofuata, Jumatatu, saa nne na nusu, dari ikanyamaza. Nikapanda ngazi. Ambrose alikuwa amelala, miguu imetulia tuli, machozi yanamtoka.

"Dada," akanong'ona, "nani ameingia?"

Hakungoja jibu. Akakata roho.

Jina la yule binti sikuliuliza. Nimewauliza wapiga fidla wa vijiji vyote, hakuna anayemjua. Alisahau penseli yake mezani kwangu, nami tangu siku aliyokufa Ambrose nimeifungia kwenye droo kwa ufunguo, kwa sababu haitulii. Sasa hivi imo humo. Inagonga hatua zile zile.