Mkono wa Kushoto wa Sajenti

Msongamano wa asubuhi katika uchochoro wa mafundi ulimsukuma sajenti mpaka goti lake likagonga meza ya cherehani. Pini zikamwagika.

"Afande, vita vimehamia huku?" fundi aliuliza, akiokota pini.

"Samahani, dada. Nimeleta gwanda. Beji ya mkono wa kushoto imefumuka."

Fundi aliinua macho. Alimwona kijana mrefu, buti zinang'aa, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Sajenti naye aliona blauzi ya kijani, tepu ya kupimia shingoni na tabasamu linalojizuia.

"Lifuate kesho."

"Na kesho kutwa nikija bila gwanda?"

"Utakuwa umepotea njia."

"Basi nitapotea kila siku."

Akapotea miezi saba. Shangazi wa fundi, aliyeuza vitambaa meza ya pili, alimbatiza Mpotevu, na jina likamkaa. Walipokubaliana kuoana, fundi alitaka jambo moja tu: wapime VVU pamoja.

"Mimi ni buheri wa afya, mpenzi," sajenti alicheka. "Twende hata leo."

Mbele ya mshauri nasaha, kipimo cha fundi kilichora mstari mmoja. Cha sajenti kilichora miwili, alama ya kuwa na VVU.

Fundi alimgeukia. Usoni mwake hakuona mshangao. Aliona mtu aliyekumbuka jambo.

"Ulijua!"

"Sikujua. Ila kuna kitu sikukuambia..."

Fundi alikwisha kufika mlangoni.

Simu ililia siku tatu. Ya nne akaipokea.

"Fundi wangu, usikate. Miaka minne iliyopita jeshi letu na jeshi rafiki kutoka ng'ambo yalifanya majaribio ya chanjo ya VVU. Nilijitolea. Nilichomwa sindano nne, mkono huuhuu ulioushonea beji. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Kipimo kile husoma kingamwili, hakioni virusi vyenyewe."

"Kama ni chanjo, mbona sauti inakutetemeka?"

"Kwa sababu sina hakika. Baadhi yetu tulichomwa maji ya chumvi tu, na hakuna aliyeambiwa kapata nini. Nilipewa kadi ya kuonyesha kila ninapopimwa, nikaiacha sandukuni. Nilidhani kingamwili zimeshafutika mwilini. Alhamisi nitapata jibu la kipimo cha virusi."

"Na miezi saba yote ulikuwa wapi usiniambie?"

"Nilimwambia kaka yangu. Alicheka mbele za watu, akaniita panya wa maabara. Nikaona haya."

Fundi alikata simu, akajifuta machozi kwa kipande cha bitana.

"Unalilia virusi?" shangazi aliuliza.

"Hapana, shangazi. Dawa zipo, watu wanazimeza na wanazeeka na wajukuu. Nalilia kuachwa nje ya mlango."

"Sasa si ameufungua? Wewe bado umesimama nje unangoja nini, mwanangu?"

Alhamisi, katika hospitali ya jeshi, sajenti alikaa peke yake kwenye benchi la kliniki ya utafiti, kadi imelowa jasho mkononi. Gauni la samawati likasimama mbele yake: fundi.

"Jibu bado," alisema, akiinuka. "Ningekupigia."

"Nimekuja kabla ya jibu makusudi. Likiwa huna virusi, tunaoana. Likiwa unavyo, unameza dawa kila siku, mimi nakukumbusha, na tunaoana. Ila ukinificha siri nyingine, Mpotevu, nitakushona midomo."

Sajenti alitaka kucheka, akashindwa. Akamshika mkono.

Mlango ukafunguliwa. Daktari wa jeshi rafiki, kapteni mwenye mvi, alitoka na karatasi. Alisimama wima akampigia saluti. Sajenti aliduwaa, tangu lini kapteni akaanza kumsalimu sajenti?

"Virusi hakuna," daktari alisema kwa Kiswahili cha kujifunza, neno kwa neno. "Kingamwili ni za chanjo. Chanjo ile haikutosha, lakini imetuonyesha njia. Mkono wako umefanya kazi kubwa."

Sajenti alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakamcheza. Fundi akachomoa simu mfukoni mwa sajenti bila kuomba ruhusa, akampigia kaka yake.

"Haloo, shemeji? Ndiyo, ni mimi, fundi. Yule uliyemwita panya wa maabara, nimesimama naye hapa, na kapteni kampigia saluti. Njoo nikupime suti. Siku ya harusi utakaa mbele kabisa, upande wa mkono wake wa kushoto."