Pudingi Iliyobomoka

Jumamosi, tarehe 7 Julai 2018. Asubuhi hiyo mji wa Norwich, Uingereza, uliamka na joto. Mvua ilikuwa imesahau njia ya kuja mjini. Nyasi za mbele ya kanisa kuu zilikuwa zimegeuka rangi ya mkate uliokauka, na sokoni hapakuwa na upepo wa kutikisa hata pindo la turubai.

Timu ya taifa ilikuwa na mechi alasiri ile, kwa hiyo nusu ya wanaume sokoni walivaa fulana nyeupe na nyuso za wasiwasi. Bryony Catchpole hakujali mpira. Alivaa gauni la kitani la kijani na viatu bapa, nywele zake nyekundu amezibana utosini kwa penseli, na alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: karanti nyekundu, vile vitunda vichachu vidogo kama shanga, ambavyo huja kwa majuma machache kisha hupotea. Meza ya mwisho ilibaki na kijikapu kimoja. Alikishika. Mkono mwingine ukakishika upande wa pili.

"Samahani, bwana," Bryony alisema. "Nimeanza mimi."

"Wewe umeanza kukitazama. Mimi nimeanza kukishika."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu na bisibisi mfukoni. Bryony akamuuliza fundi anataka karanti za nini. Akajibiwa kwamba ni za mama yake, anatengeneza pudingi ya kiangazi, ile ya matunda mekundu ndani ya mkate, na stroberi ameshanunua.

"Stroberi?"

"Ndiyo, stroberi. Kuna ubaya?"

"Basi mama yako hatengenezi pudingi. Anapika jamu na kuivisha mkate."

Mwenye meza alicheka. Fundi hakucheka. Alimtazama Bryony kama mtu anayesikiliza mashine iliyotoa mlio asioujua, kisha akaachia kijikapu.

"Chukua," alisema. "Lakini mtu anayemtukana mama yangu kabla hata sijanywa chai, lazima anionjeshe hiyo pudingi yake."

Alimwonjesha. Jina lake lilikuwa Russell Utting, fundi wa majokofu, na baada ya siku ile jokofu la Bryony likawa linaugua kila wiki. Bryony alikuwa anauza katika duka la dawa, na simu ya Russell ililia saa ya chakula cha mchana kama sala isiyokosa.

"Jokofu linaendeleaje?"

"Linakohoa."

"Na mwenye jokofu?"

"Mzima. Hahitaji fundi."

"Nitakuja kuwakagua wote wawili, mpenzi. Mgonjwa hajui ugonjwa wake."

Kabla ya Pasaka alikuwa amemvisha pete. Aliyekuwa hajafurahi ni mmoja tu, Bi Doreen Utting, mama mtu.

Doreen alikuwa mjane mwenye mgongo ulionyooka na macho yasiyosahau. Kwa miaka mingi ndiye aliyetengeneza pudingi ya chakula cha kiangazi cha parokia, kile kinachoandaliwa ukumbini baada ya ibada. Mwaka ule viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, hawezi hata kufungua chupa ya maziwa, na Kasisi Lorna akaikabidhi kazi ile kwa Bryony. Doreen alisema ni vyema. Kisha akaongeza, mbele ya kwaya nzima, kwamba mwaka huu watu walete miwani nyeusi, maana watakunja nyuso kwa uchachu mpaka wasionane. Bryony alitabasamu. Nyumbani akaosha sufuria moja mara mbili kwa hasira.

Ndoa ilipangwa Agosti. Matangazo yake yalikuwa yasomwe kanisani Jumapili tatu za Julai, kama ilivyo desturi, kila mara kasisi akiuliza kama yupo mwenye kujua kizuizi. La kwanza lilisomwa na hakuna aliyekohoa. Chakula cha parokia kiliangukia Jumapili ya tangazo la pili.

Jumamosi iliyotangulia Bryony aliingia jikoni mapema. Aliweka rasiberi na karanti motoni pamoja na sukari, moto mdogo, mpaka zikatoa maji yake mekundu na nyumba nzima ikanukia, kisha akaziondoa kabla hazijalainika. Alikata kingo za mkate mweupe uliolala, maana mkate mpya huwa utelezi mdomoni, akapanga vipande ndani ya bakuli bila kuacha ufa. Akamimina matunda, akafunika kwa mkate, akaweka kisahani juu, na juu ya kisahani makopo mawili ya maharage. Bakuli likaingia kwenye jokofu lilale humo. Uzito ndio kazi yenyewe. Pasipo uzito mkate haunywi, na mkate usiokunywa hausimami.

Jioni walikuja mama na mwana. Russell alikuja kusikiliza lile jokofu, ambalo safari hii lilikuwa linakohoa kweli. Doreen alileta vitambaa vya meza, akaketi jikoni na kikombe chake cha chai, amelipa jokofu mgongo, akitazama rafu za mwenzake kama mkaguzi. Bryony alikuwa na mazoezi ya kengele kanisani, kwani alikuwa mmoja wa wavuta kamba, akawaacha. Aliporudi walikuwa wamekwenda, akalala bila kufungua jokofu. Asubuhi aliwahi mnarani, na Russell, aliyekuwa na ufunguo, akalileta bakuli ukumbini kwa gari lake la kazi.

Tangazo la pili lilisomwa bila neno. Kisha watu wakaketi, wakala nyama baridi na viazi, na Bryony akasimama mbele ya meza ndefu kwa gauni lake jeupe lenye nukta za bluu. Akaweka sinia juu ya bakuli, akapindua, akainua.

Pudingi ilisimama kwa pumzi moja. Kisha ubavu wake ukafunguka, paa likazama, na maji mekundu yakatiririka juu ya kitambaa cha Doreen mpaka kwenye magoti ya mzee wa kanisa. Katikati ya magofu yale mkate ulionekana una mabaka meupe, makavu, kama haujawahi kuonana na tunda.

Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba ladha haibomoki. Bryony hakumsikia. Alikuwa anatazama yale mabaka, na anajua maana yake.

"Hii imechezewa," alisema. "Imechezewa jana, jikoni kwangu. Na aliyekaa jikoni kwangu jana ni wewe, Bi Utting."

"Bryony," Russell alisema.

"Niache. Mwaka mzima ananichimba. Kama alitaka kazi yake irudi, angeomba. Si kuja kwangu kuniharibia."

Doreen aliweka uma wake mezani taratibu. Alimwambia mwanawe ampeleke nyumbani, akapita kati ya viti akiwa na mkoba wake kifuani, na watu wakasogeza miguu kumpisha.

Nyumbani Bryony alifungua jokofu, hakuona makopo. Aliyakuta kabatini, yamepangwa, maandishi yakitazama mbele. Akasema moyoni kwamba huyu mama ana roho ngumu: anaharibu, kisha anafanya usafi. Jioni simu ililia.

Safari hii Russell hakuuliza habari za jokofu. Alisema mama yake ameapa kwamba hakugusa kitu. Alisema pia kwamba mama ametukanwa mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo atakapoombwa radhi. Pasipo hilo hatakanyaga harusini.

"Na wewe unasemaje?" Bryony aliuliza.

"Sitasimama madhabahuni mama yangu akiwa amebaki nyumbani kama mwizi."

"Basi usisimame. Jumapili likisomwa tangazo la tatu nitasimama mimi. Nitamwambia kasisi kizuizi kipo, kinaitwa Doreen."

Akakata. Bahati mbaya dirisha lilikuwa wazi, na jirani yake ni mwimbaji wa kwaya. Kabla ya Jumatatu kwisha parokia yote ilikuwa na habari.

Siku zile Bryony alijaribu kusali, na sala haikupanda. Kila akifika pale pa kuwasamehe waliomkosea, alimwona Doreen na kikombe chake, akaruka mstari. Mungu hadanganywi kwa kuruka mstari. Alilala akiwa na uchungu, akaamka nao, akauza dawa za kichwa huku chake kikimuuma.

Alhamisi Russell alipiga tena. Walianza kwa heshima, wakamaliza salamu, wakarudi vitani.

"Wewe husemi lolote jema kwetu," Russell alisema. "Nimekuja Jumamosi nimechoka, nimetengeneza jokofu lako bure, nimelipanga upya ndani, maana ulilijaza mpaka hewa haipiti. Hata makopo ya maharage nimekutolea nikayaweka kabatini. Nani duniani anaweka makopo ya maharage kwenye jokofu, Bryony? Hayo hayaozi hata—"

Akadhani simu imekatika.

"Upo?"

"Yalikuwa juu ya bakuli," Bryony alisema.

"Ndiyo. Juu ya bakuli, kama mtu aliyekosa pa kuyaweka."

"Umekula pudingi ya kiangazi maisha yako yote, Russell. Hujawahi kuona inavyobanwa?"

"Mama alikuwa anatufukuza jikoni. Inabanwa na nini?"

Hakumwambia. Hakukuwa na haja. Alisikia pumzi yake ikibadilika upande wa pili. Kisha wakaanza kugombana tena, kwa sababu ndivyo walivyozoea wiki ile: yeye akiuliza kwa nini Russell hakumwambia, Russell akiuliza kwa nini yeye hakuandika kikaratasi juu ya kopo. Mwishowe Russell akasema atamweleza mama yake usiku huohuo, na mambo yataisha.

"Hapana," Bryony alisema. "Mwambie wewe ulihamisha makopo, hilo ni lako. Lakini si wewe uliyemwita mharibifu. Mdomo ulikuwa wangu."

Ijumaa baada ya kazi alikwenda kwa Doreen. Alivaa sketi nyeusi na blauzi iliyofungwa mpaka shingoni, kama anayekwenda mahakamani. Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo wake tu, na katika ule ufa likatokea jicho moja.

"Mwanangu ameshanieleza," Doreen alisema. "Amelia kama mtoto. Wewe umekuja kulia pia?"

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Utting."

"Ulinitukana hapa mlangoni?"

"Hapana."

"Ulinitukana wapi?"

"Ukumbini. Mbele ya watu."

"Basi hapa mlangoni huna deni," Doreen alisema, na akafunga.

Bryony alirudi nyumbani kwa miguu akimlaani kizee yule kwa sauti ya chini. Kiburi chake kilimwambia kwamba ameshakwenda, ameshanyenyekea, yatosha. Asiyetaka na abaki na mlango wake. Usiku akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuruka mstari. Alikwama pale muda mrefu, akafika mwisho.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Walikuja hata wale wanaokuja kwa mazishi tu. Russell alikaa mbele, koti la kijivu, tai imemkaba. Kando yake Doreen kwa gauni la bluu ya bahari na kofia ndogo ya majani, shingo imenyooka. Bryony alishuka mnarani na alama za kamba viganjani, akakaa nyuma, peke yake.

Kasisi Lorna alisoma majina yao. Sauti yake ilipungua kidogo alipofika mahali pa hatari.

"Kama yupo miongoni mwenu anayejua sababu au kizuizi cha haki, kwa nini hawa wawili wasiunganishwe katika ndoa takatifu, na akiseme."

Bryony akasimama.

Benchi zililia, watu wote wakigeuka kwa pamoja. Russell alifumba macho. Kasisi alishika kitabu kwa mikono miwili akauliza, kama sheria inavyomtaka, kizuizi ni kipi.

"Ni mimi," Bryony alisema. Akashika mgongo wa benchi la mbele. "Wiki iliyopita nilimwambia Bi Utting, mkisikia wote, kwamba aliharibu kazi yangu. Hakuigusa. Nilisema kwa sababu nilitaka awe yeye. Sikuuliza, sikungoja, nilitaka tu awe yeye. Nilimvunjia heshima mbele yenu na mbele yenu naomba anisamehe. Asiponisamehe, sistahili kuingia katika nyumba yake."

Russell akainuka nusu, akaanza kueleza kwamba makopo aliyatoa yeye.

"Kaa chini wewe," mama yake alisema bila kumtazama. "Mtu anaongea."

Kisha Doreen mwenyewe akasimama. Ilimchukua muda, mkono umebana ukingo wa benchi kwa vidole vile vilivyovimba. Akageuka akamtazama Bryony urefu wote wa kanisa.

"Nimesikia," alisema. "Na wamesikia. Nimekusamehe." Kisha, kwa kuwa alikuwa Doreen, akaongeza kwamba pudingi ile ingekuwa na stroberi pia isingemdhuru mtu. Kicheko kidogo kilipita kwenye kwaya, akakikata kwa jicho.

"Sijamaliza. Wewe una ulimi, na mimi nina ulimi. Tutagombana tena, Mungu anajua, labda kabla ya hiyo harusi. Kwa hiyo niahidi kitu kimoja, hapahapa, na hawa wakisikia."

"Niambie."

"Siku nyingine ukiwa na neno nami, utalileta wapi?"

Bryony alifuta uso kwa kiganja chenye alama za kamba. Kasisi alikuwa bado ameshika kitabu chake wazi, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Jikoni, Mama," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mbele. "Naahidi. Nikiwa na neno nawe nitakuletea jikoni, nitafunga mlango, na nitakuuliza kwanza kabla sijakugombeza."