Meno ya Mjukuu

Mdomo wa Mjukuu ulikuwa wazi. Uwazi wenyewe wa kupitisha ukucha tu, lakini Mchoraji aliujua mdomo ule kuliko wake mwenyewe, maana alikuwa ameuchora miaka saba, na jana yake, kabla ya kufunga chumba cha kazi, aliuacha umebanwa kama pochi ya bahili.

Huyo Mjukuu msimtafute mtaani. Ni mwindaji wa wanyonya damu katika kitabu cha katuni, mwanamume mrefu wa koti refu na mkuki mfupi, ambaye kazi yake ni kuwamaliza wanyonya damu wote duniani ilhali yeye mwenyewe ni mjukuu wa mnyonya damu mkubwa kupita wote, Mzee Kiu, ambaye akitajwa hata mbu huona haya. Utamu wote ulikuwa hapo. Kila mwaka kitabu kimoja, na cha nane ndicho cha mwisho: babu na mjukuu wakutane uso kwa uso, babu afe. Wasomaji walikuwa wameahidiwa. Mhariri naye alikuwa ameahidiwa, na Mhariri ni mtu wa kukupigia simu hujanawa uso, akuulize umefika ukurasa wa ngapi.

Mchoraji aliufuta mdomo, akauchora upya, akamlaumu mdogo wake. Mdogo wake huyo walimwita Ngongoti kwa ule urefu wake. Walikuwa wakiishi wawili tu tangu wazazi walipowatoka. Asubuhi Ngongoti alipanga barua posta, mchana alirudi kula na kusinzia, na jioni alimsimamia dada yake, yaani alivaa koti refu na kushika fagio kama mkuki, ili Mchoraji apate kuona bega linakaaje. Kuchora hajui. Hata yai angelitoa na pembe. Alipoulizwa kuhusu mdomo, akacheka, akasema labda Mjukuu kachoka kunyamaza.

Siku ya pili mdomo ulikuwa na meno. Siku ya tatu Mchoraji aliuchana ukurasa mzima, akauanza upya, mgongo unamuuma, na siku ya nne akakuta meno yamerudi, na Mzee Kiu, aliyemwacha chini na mkuki kifuani, amesimama wima anamfuta mjukuu wake vumbi begani, na midomo ya wote wawili imekolezwa wekundu. Mkuki haupo. Damu ya kifuani haipo.

Kilichomuudhi hasa si uharibifu. Kilichomuudhi ni kwamba uharibifu ulikuwa mzuri. Mikunjo ya lile koti, ambayo yeye aliihangaikia miaka saba ikatoka kama mkeka uliokunjwa vibaya, sasa iliteremka kama maji. Akasonya. Kwa hasira, bila kuangalia, akauweka ukurasa ule wa sita katika bahasha isiyo yake, bahasha ikaenda kwa Mhariri, na kesho yake simu ikalia mapema kuliko kawaida.

"Dada," Mhariri akasema, na sauti yake ilikuwa na unyevu wa machozi, "leo ndiyo umechora. Miaka saba nilikuwa nakusubiri."

Jamani, mtu asikiapo sifa kama hiyo ya kazi asiyoifanya, hajui ashukuru au atukane. Mchoraji alikata simu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ndipo alipoanza kusikia harufu. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, kama umelamba msumari, na ilitoka chumba cha kazi mchana, saa nane, jua likiwa kali dirishani. Watu hudhani wanyonya damu hupenda giza. Huyu alipenda saa ya watu kushiba. Pamoja na harufu ilikuja sauti, kwaru, kwaru, kwaru, ya ncha ya kalamu juu ya karatasi, na kila alipofungua mlango wa chumba, sauti ilikatika, na Ngongoti alikuwa kwenye kiti amelala, kichwa begani, mikono mapajani kama mtoto mwema.

Na Ngongoti mwenyewe alibadilika. Chakula alikisogeza pembeni. Fizi zilimuuma. Joto la kuchomea mkate, yeye kavaa shati la mikono mirefu, kafunga na vifungo. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Lakini macho yaling'aa, na alikuwa na furaha moja ya kuudhi, furaha ya mtu aliyeficha kitu kitamu chini ya mto.

Alhamisi Mchoraji akaaga kwamba anakwenda sokoni. Akafika kona, akavua viatu, akarudi kwa mlango wa nyuma akinyata, akajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kazi. Alihesabu pumzi zake. Ikaja ile harufu, ikaja nzito hata akaionja, halafu akamwona mdogo wake amelala fofofo kitini, kinywa wazi, na mkono wake wa kushoto, ambao hata kijiko haukuwahi kukishika, ukainuka peke yake kama paka anayeamka, ukachukua kalamu ya nibu, ukaanza kuchora upesi, upesi kuliko jicho linavyofuata, na Mchoraji akatazama chupa ya wino mwekundu pale rafuni akakumbuka kwamba tangu ainunue hajaifungua, lakiri yake bado iko vilevile, na huku akijiuliza huo wekundu basi unatoka wapi, ule mkono wa kushoto ukaenda kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, ukakunja mkono wa shati taratibu, kwa adabu, ukachovya nibu mle ndani, ukaikung'uta tone moja, ukarudi kwenye karatasi, na Ngongoti usingizini akatabasamu.

Mchoraji hakupiga kelele. Alitoka vilevile bila viatu mpaka kwa shangazi yao.

Shangazi huyo alijua habari za nyumba zote isipokuwa alizoulizwa. Ilibidi abembelezwe, aapiwe, amiminiwe chai mara mbili. Mwisho akasema. Marehemu babu yao, yule wa kwenye picha ya ukutani kwao, alikuwa mchonga vinyago, na kazi ya mwezi aliimaliza kwa mchana mmoja, maana alikuwa na jini. Lilimpa mkono, naye akalipatia watu wa kuwanyonya. Kila ndugu aliyemsaidia karakanani alikauka kama kuni. Alipokuwa anakufa aliwaita watoto wake mmoja mmoja, akiwaomba walipokee, waseme maneno mafupi tu mbele ya uso wake. Wote walijifanya viziwi. Kwa hiyo babu alikufa, jini likabaki bila mwenyewe.

"Maneno gani, shangazi?"

Shangazi aliinama, akanong'ona huku akiangalia mlango. "Mimi ni damu yako. Nimekuja kuchukua kilicho chako."

Maneno hayohayo ndiyo Mchoraji aliyoyaandika. Yalimjia kichwani tu, akayaona mazuri, akayatia kinywani mwa Mjukuu katika ukurasa wa sita, pale anapomkabili babu yake. Na uso wa Mzee Kiu aliutoa kwenye picha ya babu yao, kwa kuwa hakuna mzee mwingine aliyekubali kukaa bila kutikisika. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kutaka kuona mdomo unakaaje katika kila neno, alimsimamisha Ngongoti na fagio lake mbele ya picha ile, akamwambia, sema, rudia, tena, fungua kinywa vizuri. Mara kumi na mbili.

Shangazi alimpeleka kwa mganga mmoja wa kike, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alikuja kesho yake na mkoba wa mkononi tu. Hakuchoma kitu wala hakupiga ngoma. Aliketi, akaomba maji, akasema vitabu vyote saba kavisoma, kisha akauliza nani atashinda. Mchoraji alitamani kumtoa nje. Lakini mganga alipouona mkono wa Ngongoti aliacha utani. Akaeleza kwamba jini hili si mwizi, ni mgeni. Limekaribishwa mara kumi na mbili, basi likataliwe mara kumi na mbili, na aliyelikaribisha, akiwa macho, kwa kutaka mwenyewe. Akilazimishwa ni bure. Na damu iliyobaki mwilini mwa kijana huyu, akasema, haifiki Jumapili.

Mchoraji alidhani kazi imekwisha. Ni mdogo wake, atakataa nini? Ngongoti akakataa kukataa.

"Dada, miaka saba umenisimamisha na fagio kama msumari wa kutundikia koti," alisema, kwa sauti ndogo, akihema. "Hukuniuliza hata siku moja kama na mimi nataka kitu. Sasa mkono wangu unajua kazi. Unaijua kukushinda. Unataka niufukuze?"

"Mkono huo unakunywa, mdogo wangu."

"Zimebaki kurasa tatu. Niache nimalize, halafu nitakataa."

Wakabishana hadi Mchoraji akakaukiwa sauti. Alimkumbusha marehemu mama yao, akalia, akanuna, akatishia kuvunja meza. Wapi. Na kilichomkera kabisa, akijitazama ndani, ni kwamba katika hasira ile kulikuwa na wivu, tena si mdogo. Ikawa inakaribia saa nane. Mganga alitazama saa yake, akajipepea na kitabu cha tano. Harufu ya chuma ikaanza kupenya chini ya mlango, na kope za Ngongoti zikaanza kuwa nzito.

Basi Mchoraji akafanya kitu pekee alichokijua. Akavuta karatasi na penseli, akaketi mbele ya mdogo wake, akamchora.

Hakumchora Mjukuu. Alimchora Ngongoti wa saa ile, shingo ilivyochongoka, midomo ya majivu, mkono wa kushoto ulionona kama wa mtu mwingine umeota kwenye mwili wa mgonjwa, na nyuma ya kiti, kwa kuwa penseli ilikwenda huko yenyewe kama inayoona, akauchora uso wa babu yao umeinama juu ya kiwiko, ulimi nje. Ilikuwa picha mbaya. Mikunjo ya shati ilikaa vibaya kama kawaida yake. Lakini ilikuwa kweli tupu. Akamtikisa bega, akamshikia karatasi mbele ya macho kabla hayajafunga.

Ngongoti aliitazama muda mrefu. "Huyu ni maiti," akasema.

"Bado. Ni wewe."

Akatazama tena, akaugusa uso wa kwenye karatasi kwa kidole, ndipo akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila kujificha. Akasema sikutaki. Mimi si damu yako. Chako chukua mwenyewe.

Mganga akahesabu moja. Ya pili dirisha likagonga. Ya nne meno ya Ngongoti yakaanza kuchuruzika damu. Ya saba ule mkono wa kushoto ukamkamata koo mwenyewe, ikabidi Shangazi, aliyejidai amekuja kuangalia tu, aukalie na uzito wake wote. Ya kumi na moja sauti ikabadilika, ikatoka kinywani mwa Ngongoti sauti ya mzee, laini, ya mtu anayekubembeleza ule, ikamwambia Mchoraji kwamba huyu kijana hana shukrani, lakini wewe, binti yangu, wewe uliyehangaika miaka yote na koti lile, wewe nikikupa mkono huu mchana mmoja tu hutaomba kingine mpaka unazikwa, sema neno, maneno unayajua, uliyaandika mwenyewe. Na Mchoraji akanyamaza. Alinyamaza kidogo zaidi ya inavyofaa, mpaka mganga akamfinya paja.

"Malizia, mdogo wangu," akasema.

Ngongoti akasema ya kumi na mbili. Kalamu ikaruka mezani, ikapanda ukuta ikikwaruza, kwaru, kwaru, ikiacha mstari mwekundu mpaka dirishani, ikadondoka nje, na chumba kikabaki na harufu ya karatasi tu.

Ngongoti alilala hadi kesho yake adhuhuri, akaamka, akala sahani tatu. Mkono wake wa kushoto ukarudia ujinga wake. Kurasa za jini zilizokuwa nyumbani walizichoma. Mchoraji alizichora zile tatu za mwisho kwa mkono wake mwenyewe, mikunjo mibaya na yote: Mjukuu anaangusha mkuki, anampa babu mgongo, anakwenda zake. Akazituma, akakaa kusubiri matusi.

Simu haikulia. Siku mbili, kimya. Siku ya tatu akaona heri apige mwenyewe.

Mhariri aliitikia kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba kurasa zake kaziweka pembeni, asizihangaikie tena. Lile koti, dada, hukuliweza. Alikuwa ameketi mezani, akasema, ameutazama ule ukurasa wa sita uliotangulia saa nzima, ule uso wa mzee, na kwa jinsi ulivyomwingia moyoni akajisemea kwa sauti, aliyechora hivi aje kwangu, chochote alicho nacho mimi napokea.

"Ulisema hivyo mara ngapi?" Mchoraji akauliza.

"Nani anahesabu? Sikiliza, zile kurasa tatu nimezichora mwenyewe. Mimi, dada, ambaye hata mstari sijui." Akacheka polepole, kama mtu mwenye fizi zinazouma, na nyuma ya kicheko chake, karibu sana na simu, kitu kilikuwa kikikwaruza karatasi bila kupumzika. "Na wino, ungejua. Miaka yote nauagiza mbali, kumbe ulikuwa karibu hivi."