Ndiyo ya Sauti ya Chini

Sweta la rangi ya damu ya mzee lilikuwa moja tu katika lundo la mitumba, na watu wawili walikuwa wamelishika. Feliciana akalivuta kwake, kijana wa upande wa pili akalivuta kwake, na muuzaji akaacha kunadi ili awatazame. Ilikuwa Jumamosi, soko la Makambako limefurika, na upepo unapenya mpaka kwenye mifupa.

"Kaka, hili ni la kike," Feliciana akasema.

Kijana akageuza sikio la kulia. "Eh?"

"Nimesema ni la kike."

"Basi livae, ndipo niamini."

Akalivaa juu ya gauni lake la maua, na kweli lilimkaa. Kijana alikuwa mrefu, koti lake la jinzi limepauka, nywele zimejaa vumbi la mbao. Aliitwa Rabson na kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Feliciana alipopanda gari la kurudi Njombe, namba yake ilikuwa imehamia kwenye simu ya Rabson, na moyo nao ukabaki hukohuko Makambako.

Mapenzi yakanoga. Mashine ilipozimwa mchana, Rabson alipiga simu kumuuliza Feli wake amekula nini. Feliciana alimtania kwa zile "eh" zake, akamshauri apime sikio la kushoto. Rabson alicheka, akasema masikio yake ni mazima, ila yeye Feliciana ndiye anaongea kama yuko kwenye maungamo. Alimtumia na picha ya mama yake, Mama Beatrisi, akiwa na sare ya kwaya, yeye ndiye mwanzisha nyimbo parokiani. Baba hakuwepo tena. Alikuwa ameficha ugonjwa wake, familia ikaujua siku ya kumzika.

Sasa, Feliciana alikuwa mpimaji kwenye kliniki ndogo ya masikio pale Njombe, na kliniki ya namna hiyo ina tabu yake. Asiyesikia huambiwa kwa kupaza sauti, na walioko kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo husikia vizuri mno. Kuna wakati mwenzake, Danford, alimsomea mwalimu mmoja majibu yake kwa sauti, na habari ikafika shuleni kabla ya mwalimu mwenyewe. Tangu hapo Feliciana akaweka utaratibu. Mlango unafungwa, redio ya nje inawashwa, mgonjwa anaandikiwa kwa chaki kwenye kibao, na kibao kinafutwa kabla mlango haujafunguliwa. Danford alinung'unika mwanzoni, baadaye akazoea.

Siku moja akaingia mama aliyejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene, mwanangu," akasalimia.

Feliciana akaitambua ile sura ya kwenye picha. Akampima kama anavyowapima wengine wote. Usikivu wa masikio yote mawili ulikuwa umefifia, lakini vifaa vya kusikia vingemsaidia. Mama Beatrisi alikisoma kibao, machozi yakamlengalenga.

"Nyumbani wasijue," akaomba. "Kwaya wakisikia, watanitoa mbele. Hata mwanangu asijue."

Feliciana akaandika: *Sitasema. Siku ukitaka, utasema mwenyewe.* Kisha akafuta.

Haikupita wiki Rabson akapiga simu, na safari hii hakuuliza habari za chakula. Jirani alikuwa amemwona mama yake akiingia pale kliniki, wakati mwenyewe aliaga kwamba anakwenda kwa dada yake anayeishi Mjimwema.

"Feli, mama alikuja kwenu?"

"Siwezi kukujibu, mpenzi wangu."

"Sema tu ndiyo au hapana."

"Nikisema hapana leo, siku nitakayonyamaza utajua ni ndiyo. Kwa hiyo sisemi lolote, kwa mtu yeyote. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza, anabadilisha mazungumzo. Baba alianza hivihivi. Mtu wa kuniachia nizike mara ya pili bila kujua, nitamwoaje?"

Simu ikakatika. Feliciana alijua kwamba neno moja lingemrudisha Rabson mchana uleule, na alimpenda kijana yule kupita kiasi. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Neno hilo halikuwa lake. Akalia mpaka kola ya lile sweta ikalowa, kisha akanawa uso na kuita mgonjwa aliyefuata.

Rabson hakupiga simu tena. Mama Beatrisi alirudi kuchukua vifaa vyake, Feliciana akamfundisha kuvivaa, bila kutaja habari za mtoto wake hata kidogo.

Ndipo asubuhi moja, benchi limejaa, mlango wa nje ukafunguliwa. Mama Beatrisi aliingia kichwa wazi, nywele zimesukwa nyuma, vifaa vinaonekana wazi masikioni. Nyuma yake alikuwepo Rabson, ameinamisha kichwa.

"Huyu kaniambia amemwacha binti aliyekataa hata kusema kama amewahi kuniona," mama akasema mbele ya benchi zima. "Nikamwambia, huyo ndiye mkwe wangu. Jumapili nimeimba na vyombo vyangu masikioni, hakuna aliyenitoa mbele. Wameniomba nianzishe na wimbo wa pili."

Benchi likapiga makofi. Rabson akasogea.

"Nisamehe, Feli. Niliogopa."

"Nilijua unaogopa. Ndiyo maana iliniuma."

Rabson aliomba apimwe. Feliciana akamkabidhi kwa Danford na kufunga mlango mwenyewe, redio juu. Rabson alipotoka, Feliciana hakumuuliza kitu.

"Huniulizi majibu?"

"Ni yako."

"Basi nasema mwenyewe." Akapaza sauti benchi lote lisikie. "Sikio la kushoto limeumizwa na mashine. Kuanzia leo navaa kinga kazini. Na la pili, nalo si siri: Feliciana, nataka kukuoa. Unakubali?"

Feliciana alitaka kujibu kwa sauti kubwa kama yeye, lakini mazoea yana nguvu. Neno likatoka chini kabisa.

Rabson akageuza sikio la kulia. "Eh?"

Kutoka mwisho wa benchi, kule mbali alikoketi, Mama Beatrisi akarekebisha kifaa chake na kutabasamu.

"Amesema ndiyo."