Vali ya Tangi Lililolipuka

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili chafu. Mjomba, mkuu wa genge, alitema mate sakafuni, akachora kwa chaki ghala la vielelezo vya mlipuko.

"Tume ya uchunguzi inaenda kula saa saba. Tunabeba vali ya lile tangi, basi."

"Eti sigara ndiyo iliyolipua kiwanda!" Tindo, mvunja makufuli, alicheka. "Sigara gani ya kuua mtaa mzima?"

"Wengine wanasema hujuma," Mjomba alisema.

"Mdogo wangu ana pumu," Dereva alisema. "Moshi wa jiko tu unamtoa mbio. Sigara aitoe wapi?"

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mlinzi wa zamu kiwandani siku ya mlipuko. Sasa yuko rumande, kabebeshwa maiti zote. Na Mjomba alikuwa mjomba wao kweli, tumbo moja na mama yao.

"Tume imenunuliwa, mpwa wangu. Wataipoteza hiyo vali. Tuiwahi sisi, tumpe wakili. Mtoto atoke."

Saa saba na dakika kumi. Kufuli likakatika. Mlinzi wa ghala akafungwa kamba, kitambaa mdomoni. Langoni, akina mama waliofiwa walikaa chini na picha za watoto wao. Genge likatokea mlango wa nyuma.

Saa saba na robo. Garini, Tindo aliigeuza vali, akaguna.

"Imechomelewa! Wamelizibia tangi pumzi ili gesi isivuje. Lisingepasuka vipi?"

"Basi mdogo wangu katoka!" Machozi yalimlenga Dereva. "Kwa wakili ni kushoto?"

"Kulia," Mjomba alisema. "Kwenye tanuru la kuyeyusha chuma. Mwenye kiwanda anatusubiri."

"Na mdogo wangu?"

"Atafungwa, atatoka. Usinitolee macho."

Dereva alikanyaga breki. Mtu huyu alikula kwao miaka yote, mama akimtengea minofu. Ptuu! Kumbe alikuwa anawapima kilo.

Dereva akageuza gari. Mjomba akachomoa bastola. Tindo akamkaba mkono, akampokonya.

"Mzee, hata sisi wezi tuna mwiko."

Gari lilisimama langoni mwa ghala. Dereva akaitua vali katikati ya zile picha.

"Hii ndiyo iliyowaua watoto wenu. Walizibia tangi makusudi. Na huyu alikuwa anaenda kuiyeyusha."

"Mimi ni damu yako!" Mjomba alipiga kelele. Akina mama walishasimama, wakamzingira.

Polisi walipotokea, Dereva alinyoosha mikono atiwe pingu. Mjomba, jambazi sugu, ndiye aliyekuwa akiwaita kwa sauti wawahi kumkamata yeye.